Miti Iliyokwisha Kufa

Mti uliokauka haukuwahi kumaliza wiki mbili umesimama msituni mwa Kiberiti. Msimamizi huyo wa msitu alilipata jina lake la utani kwa haki: kila msonobari uliokufa aliukata, akaukokota hadi uwanjani na kuuteketeza, akiamini anawachoma bungua, wadudu watoboao miti, waliojificha chini ya gome. Kwa miaka kumi na tisa hakukosa hata msimu mmoja, na kwa miaka hiyo yote bungua walizidi tu. Mwishowe wakubwa walimwandikia kwamba bungua wasipopungua mwaka huu, msitu mzima utafyekwa.

Barua ile ilimkata maini. Akameza kiburi, akamwita mpwa wake, mtaalamu wa wadudu, yule yule ambaye yeye Kiberiti alikuwa akimcheka alipokuwa mtoto kwa kufuga mende chupani.

Mpwa alifika asubuhi. Alipiga magoti kando ya rundo la magogo lililosubiri moto, akabandua gome moja kwa kisu.

"Ona matundu haya, mjomba. Bungua walishatoka zamani. Saa hizi wako kwenye miti mibichi kule."

"Na hawa wekundu?"

Mmoja wao, buu mnene, alijikunja akikwepa mwanga.

"Hawa ndio wanaowala bungua. Bungua wakihama, wao wanabaki humu miezi kadhaa, wanakua. Wakishakuwa mbawakawa, ndipo wanaruka kuwafuata."

Kiberiti alikuwa mtu wa kutania hata msibani, lakini sasa aliinama tu akimtazama buu yule. Kikulacho ki nguoni mwako, alizoea kuwaambia vibarua kila walipomuuliza juu ya bungua. Leo methali ilimgeukia mwenyewe.

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nachoma..."

"Ulikuwa hujui, mjomba."

"Nilikuwa na bidii," alisema, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Angekuwa mvivu, huenda msitu ungepona.

Kibarua mmoja alisogea na dumu la mafuta ya taa. "Mzee, tuwashe?"

Kiberiti alilipokea gome kutoka kwa mpwa wake, akaligeuzageuza mpaka likakaa sawasawa mahali lilipobanduliwa, akalikandamiza kwa viganja vyote viwili.

"Litashika?"

"Sijui, mjomba. Likifungwa vizuri, labda."

"Weka dumu chini," alimwambia kibarua, mikono ikiwa bado juu ya gogo. "Niletee kamba."