Mgongo wa Paea

Inoke alikuja kutusuluhisha na tai shingoni na kiuno kitupu. Kwetu visiwani Tonga mtu mzima anayeingia kwenye shughuli ya heshima hufunga mkeka kiunoni. Asiyefunga ni kama kaja na chupi. Lakini Inoke alikuwa katoka Auckland, kasomea usuluhishi siku nne, kapewa cheti. Cheti chenyewe akakisimamisha juu ya meza ya ukumbi wa kanisa kama picha ya marehemu.

Funguo za ukumbi ule ninazo mimi, na chai yake naipika mimi, ndiyo maana nayajua haya. Inoke alitangaza kwamba yatakayosemwa mle ndani ni siri, akafunga mlango. Madirisha yalikuwa wazi yote. Na barazani walikuwapo wanawake kumi na wawili wakigonga magome ya kutengenezea kitambaa, nyundo zao za mbao zinalia tangu asubuhi. Alipofungua tu mdomo, nyundo zote zikanyamaza. Siri ikawa ya kijiji kizima.

Kesi yenyewe ilikuwa ya Losaline na shemeji yake, Kelepi. Mume wa Losaline alifariki miaka mitatu nyuma bila kuacha mtoto. Kwa sheria yetu, mjane hukaa kwenye ardhi ya mumewe mpaka afe. Ila akiolewa tena, au ikithibitika ana mwanamume, ardhi inarudi kwa ukoo wa mume. Yaani kwa Kelepi. Huyu Kelepi, kaka yake alipokuwa anakatwa miguu kwa ajili ya sukari hakuonekana hata siku moja. Maboga yanayolimwa kwenye ardhi ile yalipoanza kutakiwa Japani, akaonekana. Akamshitaki mjane Mahakama ya Ardhi, na jaji akasema: kabla sijawasikiliza, nendeni kwanza mkasuluhishwe.

Mwanamume alikuwepo? Alikuwepo. Latu, fundi wa pampu za maji. Pampu ya Losaline ilikuwa mbovu mwaka mzima, nami sijapata kuona pampu nyingine inayomfanya fundi aoge hapohapo na kuanika shati.

Barua ya Inoke ilisema kila upande uje na mtu mmoja wa kuuunga mkono. Losaline akaja kwangu siku mbili kabla.

"Da Fusi, niendee kwa Paea. Mwambie namwomba aje."

"Paea kaka yako? Umerukwa na akili?"

"Nitatupwa nje, da Fusi. Nenda tu."

Kwetu kaka na dada wakishabalehe hawakai chumba kimoja. Hawataniani, hawatazami filamu pamoja. Na mambo ya kitandani hayatajwi kabisa pale walipo wote wawili. Anayeyataja kawavua nguo hadharani. Paea na Losaline mara ya mwisho walikaa chini ya paa moja Losaline akiwa na miaka kumi na mmoja.

Nikaenda. Paea alikuwa anapalilia viazi vikuu. Alinisikiliza, akachomeka jembe ardhini, akaenda nyumbani kutafuta mkeka.

Siku ya siku, Kelepi alikaa mezani na mkewe Vika, Losaline upande wa pili. Paea akaingia wa mwisho, kiunoni kafunga mkeka mkuukuu wa babu yao, umechakaa hadi nyuzi. Akaketi sakafuni, uso kauelekeza mlangoni, mgongo kwetu. Vika aliona mara moja, akamfinya mumewe.

"Karibu mezani, ndugu," akasema Inoke. Mgongo ukabaki palepale. "Sawa, kila mtu akae anavyojisikia. Mimi siamui kitu, nyinyi ndio mtakaoamua. Kelepi, tueleze kwa uhuru, nini kinakuuma?"

"Ni habari ya ardhi," akasema Kelepi.

"Ardhi ina nini?"

"Kuna... kuna gari."

"Gari la nani?"

"La fundi."

"Linafanya nini hilo gari?"

Kelepi akautazama ule mgongo. "Linaegeshwa."

Barazani nyundo ya mtu ikaanguka.

"Linaegeshwa vibaya?"

"Hapana. Linaegeshwa... vizuri tu."

Inoke akafunua kijitabu chake, akapata ukurasa. "Nahisi chini ya jambo hili kuna jambo jingine. Tulitaje kwa jina lake. Je, ni uhusia—"

"Nyamaza wewe!" Vika akaruka. "Kwenu huna dada?"

Inoke naye akautazama mgongo. Mtu kazaliwa kijiji cha tatu kutoka hapa! Utonga wote ukamrudia kwa mpigo, jasho likamtoka hadi tai ikalowa.

"Pengine... ndugu Paea atupishe kidogo?"

Ndipo Losaline aliposema. "Karatasi yako tuliyoitia saini inasema aliyeanza humu atamaliza humu, asitoke mpaka pande zote mbili zikubali. Mimi sikubali."

Kelepi akasimama. "Basi turudi kwa jaji!"

"Kwa jaji pia nitakuja," akasema Paea, bila kugeuka. "Nitakaa benchi la mbele."

Kelepi alikuwa na mashahidi wanne, wote wa hapahapa. Nikamwona anawapitia kichwani mmoja mmoja, nani kati yao atathubutu kufungua kinywa. Akakaa.

Makubaliano yakaandikwa: Kelepi anafuta kesi, Losaline anabaki kwenye ardhi mpaka afe, na magari ya mafundi yaegeshwe kwa utaratibu. "Mnaona?" akasema Inoke, mdomo umejaa keke zangu. "Mmeamua wenyewe." Nasikia huko Auckland sasa anawafundisha wenzake jinsi alivyomaliza mgogoro wa maegesho.

Losaline alitokea mlango wa jikoni ili asimpite kaka yake. Jumamosi akaniletea shati la Latu, limepigwa pasi na kukunjwa.

"Mpelekee, da Fusi. Mwambie asirudi."

"Pampu imepona?"

Hakucheka. "Kaka amekaa mbele za watu na aibu yangu mgongoni. Nimbebeshe tena?"

Shati nikalipeleka. Latu akalipokea, akalinusa, akaingia ndani.

Viazi vikuu vilipokomaa, Paea alipita kwenye uzio wa Losaline na kikapu anachompelekea dada yake kila mwaka, safari hii kikubwa kuliko vya miaka yote, akakiweka chini langoni. Losaline alisubiri nyuma ya mlango mpaka kaka yake akate kona, ndipo akatoka kukichukua kwenye ardhi yake.