Msumeno wa Fundi Karisa

Mtu akikwambia mtaani Muyeye, hapa Malindi, hakuna kiwanda, mwambie hajapita kwa Fundi Karisa. Nyuma ya nyumba yake, karibu na bafu la mabati, palikuwa na kibanda cha nguzo nne, na ndani yake mlikuwa na mashine iliyopakwa rangi ya kijani mpaka kwenye nati. Ulikuwa msumeno wa umeme wa kukatia chuma, wa zamani kuliko Karisa mwenyewe: mkono mzito uliopinda kama upinde, bledi yenye meno imefungwa chini yake, na gurudumu la kuusukuma na kuuvuta mkono huo bila mtu kutoa jasho. Unabana chuma kwenye jiliwa, unawasha, unakaa kitako na kikombe cha chai, mashine inakata yenyewe. Hivyo ndivyo Karisa alivyowaeleza watu. Kwa miezi sita aliwaeleza hivyo, na kwa miezi sita hakuna aliyeona hata msumari ukikatwa.

Tumpe haki yake mapema, maana mbele ya safari hatutaweza. Mashine ile aliipokea ikiwa mzoga. Siku aliyostaafu kutoka kiwanda cha chumvi huko Magarini, wenzake walipewa saa za ukutani; yeye aliomba msumeno uliokuwa umetupwa nyuma ya karakana, umeliwa na kutu na hewa ya chumvi hata haujulikani mbele wala nyuma. Wakubwa wakampa, tena wakamshukuru kwa kuwaondolea takataka. Akaifungua vipande vipande, akavilaza kwenye karai la mafuta ya taa, akavisugua kwa makumbi ya nazi na mchanga, akavipanga juu ya gunia kwa safu, kila kipande na kikaratasi chake cha namba. Beringi mpya alizitafuta Malindi nzima. Mkanda wa ngozi aliushonesha kwa fundi viatu. Mota aliitoa kwenye pampu ya maji iliyozeeka. Mkewe, Kahonzi, alisema hata Fridah, mtoto wao wa pekee, hakuogeshwa kwa uangalifu namna ile.

Na kwa nini asiwe hodari wa kusafisha na kupanga? Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka thelathini na mmoja. Karisa hakuwa fundi. Hakuwa fundi hata siku moja. Alikuwa mtu wa stoo. Mafundi walikuja kwenye kidirisha chake, wakaomba bledi, akawapa bledi. Wakaomba grisi, akawapa grisi. Wakatia sahihi, wakaenda zao kufanya kazi. Alijua namba ya kila bledi iliyoingia mle ndani, ila hakuwahi kuifunga hata moja. Lakini mtu anayerudi nyumbani kila jioni na ovaroli ya buluu, watu wa mtaa humwita fundi, na Karisa hakuona sababu ya kuwasumbua watu kwa kuwasahihisha. Mwaka wa kwanza alinyamaza. Mwaka wa tano akaanza kuitikia. Kufikia mwaka wa kumi alikuwa akitoa ushauri.

Mambo yalizidi kipimo siku Mutuku alipokuja kumposa Fridah. Mutuku ni Mkamba, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine katika karakana moja mjini Kilifi, mtu wa kupima mara tatu na kusema mara moja. Karisa alipoambiwa kwamba mchumba ni fundi, alikohoa, akatangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba yeye mwenyewe ameongoza mafundi kumi na wanne. Mutuku aliinamisha kichwa kwa heshima. Tangu siku hiyo Karisa alikuwa na hofu moja tu duniani, na haikuwa kufa: mkwe wake asije akajua.

Bahati ni kwamba mkwe ni mkwe. Kwa Wagiriama, na kwa Wakamba vilevile, mkwe haingii chumbani mwa wakwe, hali sahani moja na mama mkwe, hamkosoi baba mkwe, na chombo kilicho mkononi mwa baba mkwe hakigusi. Baba mkwe akisema leo mvua inanyesha kutoka chini kwenda juu, mkwe huuliza tu kama alete mwavuli.

Basi mwezi wa nane shafti ya mashine ya kusaga ya kina mama wa Kakuyuni ikakatika, wakarudia vinu na michi kama bibi zao. Walitafuta vyuma viwili vya mviringo, vinene kama kifundo cha mkono, ambavyo vilitakiwa kukatwa wima sawasawa kwa urefu wa shafti ya zamani. Cha kwanza waliwapa vijana wa grainda, kikatoka mshazari kama muhogo. Kikabaki kimoja. Hapo Mapenzi, mwenyekiti wa kikundi, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, akamkumbuka Fundi Karisa, ambaye hakuna matanga aliyohudhuria Kakuyuni asiwaeleze waombolezaji habari za msumeno wake.

"Fundi, utatukatia kweli?" Mapenzi aliuliza. "Maana tunatwanga siku ya ishirini na moja leo. Mikono imeota sugu."

"Mama, nitakikata mkiangalia, tena nikiwa nimekaa kwenye kiti."

"Mje Jumamosi," Kahonzi alidakia kutoka jikoni. "Fridah na mumewe watakuwapo. Itakuwa furaha."

Karisa hakuiona furaha yenyewe iko wapi, lakini akaitikia.

Sasa wewe usiyejua mambo ya vyuma nisikilize kidogo. Msumeno wa mkono hukata ukisukumwa, kwa hiyo meno yake huelekezwa mbele. Hilo analijua kila mtu, hata mtu wa stoo. Mashine ya Karisa ilikuwa na tabia nyingine: ilikata ikivuta. Mkono ukienda mbele ulijiinua kidogo, haugusi chuma. Ukirudi nyuma ndipo ulipolala na kung'ata. Meno yalipaswa kutazama nyuma. Karisa akayaelekeza mbele, akakaza nati, akarudi hatua mbili kujipongeza.

Ijumaa mchana aliijaribu kwa kipande cha nondo. Mashine ililia kwiii, kwiii, mkono ukaenda na kurudi kwa madaha, na baada ya dakika ishirini nondo ilikuwa na mkwaruzo ambao paka angeuweka kwa haraka zaidi. Meno ya bledi yalikuwa yamekwisha.

"Bledi za siku hizi ni bati," alimwambia Kahonzi. Akafunga nyingine, meno mbele. Akiba ikabaki moja.

Alasiri Fridah na Mutuku wakafika. Mutuku aliamkia, akapewa maji, akapelekwa kuonyeshwa mashine. Aliizunguka polepole. Akapitisha kidole kwenye mkanda, akasikiliza beringi, akatazama bledi kwa muda mrefu kuliko alivyotazama vyote vingine, halafu akatazama ardhi.

"Umeitengeneza vizuri sana, baba," alisema, na hilo lilikuwa kweli.

Jumamosi asubuhi Karisa alikuta meno ya bledi yanatazama nyuma.

"Nani amegeuza bledi yangu?" alifoka. "Kahonzi! Umepangusa vumbi hapa?"

Kahonzi, mikono ndani ya unga wa mahamri, alisema hajagusa. Fridah alisema hajagusa. Mutuku alikuwa ameinama ghafla kufunga kamba za viatu, na viatu vyake havikuwa na kamba.

"Meno mbele!" Karisa akaendelea, akiifungua na kuirudisha alivyojua yeye. "Mtoto wa darasa la tatu anajua. Mkwe wangu, kule kiwandani niliwafukuza watu wawili kwa kosa hilihili."

"Pole, baba," alisema Mutuku.

Karisa akakaza nati, akaenda kunywa chai.

Saa nne kina mama wakafika, tisa kwa idadi, wamejifunga leso zao nzuri na kubeba chupa za chai utadhani wamealikwa arusi. Chuma kikabanwa kwenye jiliwa. Karisa akapima kwa shafti ya zamani, akatia alama ya chaki, na kazi hiyo aliifanya barabara. Akavuta kiti, akaketi, akakunja nne, akawasha.

Kwiii, kwiii.

Kina mama walitazama kwa heshima kwa dakika tano. Kwa dakika tano zilizofuata walitazamana wao kwa wao. Harufu ya kuungua ikaanza kupanda. Karisa akakunjua miguu, akainuka, akaulalia mkono wa mashine kwa uzito wake wote, tumbo likitikisika mbele na nyuma pamoja nao, na bledi ikakatika, pa!

"Fundi," aliuliza Mapenzi, "hapo kinachokatwa ni kipi hasa?"

Akina mama wawili wakajifunika mdomo kwa leso. Karisa alikisuta kiwanda kilichotengeneza bledi, akausuta umeme wa Muyeye, akakisuta na chuma chenyewe kwamba kina roho ngumu. Kwenye chuma palikuwa na mng'aro mdogo, basi. Jasho lilimtoka hata kwenye masikio.

"Na huyu mkweo si ndiye fundi wa Kilifi?" Mapenzi aliendelea. "Asikutazamie?"

Mutuku alikuwa amesimama kando ya nguzo, mikono nyuma, macho chini.

"Baba ndiye fundi hapa," alisema. "Mimi nimekuja kusalimia tu."

Maneno yale ya heshima yalimuuma Karisa kuliko tusi. Ilitosha aseme neno moja tu, mwanangu, hebu nitazamie hapa, na neno hilo lilipanda kweli mpaka kooni. Likakutana na wale mafundi kumi na wanne, likarudi. Aliichukua bledi ya mwisho. Akaiweka mahali pake, meno mbele, akaanza kutafuta spana.

"Baba Fridah," aliita Kahonzi, "nenda ukaoge."

"Nini?"

"Umelowa jasho mbele ya wageni. Maji yako bafuni. Nenda ukaoge, na mashine ipoe."

Alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sinia la mahamri, kwa sauti ileile ya kumwambia achukue mwavuli. Mwanamume kuambiwa akaoge saa tano ya mchana, wageni wamejaa uani! Karisa alitaka kufoka. Alimtazama mkewe, akamtazama tena, akaiacha bledi palepale kwenye mashine, haijakazwa. Hakumkabidhi mtu. Akachukua taulo kwenye kamba na kwenda.

Kutoka kibandani mpaka bafuni ni hatua kumi. Alifunga kipande cha bati kilichokuwa mlango, akatundika ovaroli yake, akasimama uchi mbele ya ndoo. Akasikiliza.

Alisikia spana ikizunguka kwenye nati. Alisikia Fridah akinong'ona, na Mapenzi akisema, "Haraka, haraka." Hakuna aliyecheka. Kisha mota ikanguruma, na baada yake ikaja sauti aliyoijua. Kraa. Kimya kidogo. Kraa. Kimya kidogo. Sauti hiyo aliisikia kila siku kwa miaka thelathini na mmoja kupitia kidirisha cha stoo, na kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kuinuka kitini aende kutazama meno yanaelekea wapi.

Basi Mutuku alijua. Yawezekana alijua tangu siku ya posa. Kahonzi alijua, maana ni yeye aliyekuwa akimletea chakula pale kidirishani. Na Mapenzi? Marehemu mumewe alikuwa fundi wa karakana ya kiwanda kilekile cha chumvi, jina lake limejaa kwenye daftari la Karisa ukurasa hadi ukurasa. Mtu huyo alirudi nyumbani kila jioni akaongea na mkewe kama watu wote. Ndiyo maana wakaja Jumamosi. Hawakumletea chuma chao Fundi Karisa. Walimletea mkwe wa Fundi Karisa, na miaka yote hii walikuwa wakimwita fundi namna mtu anavyomwitikia mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Aibu ilimshika, ikamshika tena kwa upande wa pili, na juu yake ikaja huruma yao, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

Ndipo akagundua kwamba bafu lilikuwa kimya mno. Mtu anayeoga husikika. Wangejua kwamba amesimama anawasikiliza, na akishajulikana kwamba anasikiliza, itabidi atoke na neno. Akachota kopo la maji, akalimwaga sakafuni. Akachota jingine, akalimwaga. Akakohoa. Akapuliza pua kama mtu mwenye sabuni usoni. Kopo baada ya kopo aliyamwaga maji yote miguuni pake, mwili mkavu, mpaka aliposikia kipande cha chuma kikianguka chini, ti.

Akasubiri kidogo zaidi. Akavaa, akatoka.

Chuma kilikuwa kimekatwa wima, uso wake umeng'aa, sawasawa juu ya alama yake ya chaki. Mutuku alikuwa amesimama palepale kando ya nguzo, mikono nyuma. Na bledi ilikuwa imerudishwa kwenye mashine vile alivyoiacha Karisa, meno yanatazama mbele.

"Ilikuwa inataka kupoa tu, baba," alisema Mutuku. "Imekata."

"Ahsante, Fundi," walisema kina mama, wote, mmoja mmoja.

Karisa aliwatazama nyuso zao. Alitafuta mmoja anayecheka. Angempata mmoja tu, hata Fridah, angekasirika, angefoka, angeipiga mashine teke na yote yangekwisha. Alitafuta hata kicheko kilichobanwa puani. Hakuna aliyecheka.

"Kaa, Fundi," Mapenzi alimwambia kwa upole, akimsogezea kiti na kumjazia kikombe chai. "Umefanya kazi kubwa."

Naye akakaa.