Mkutano wa Siku za Giza

Tangazo lilipita na bodaboda yenye kipaza sauti: kesho saa nne asubuhi, mkutano mkuu wa kijiji, kujadili ombi la mwekezaji anayetaka mwalo ajenge hoteli. Recho alikuwa akigeuza dagaa kwenye mwalo huohuo, ufukweni wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Akahesabu siku za mwezi. Zilikuwa siku za giza.

Kijijini kwao, mbele kidogo ya Ilagala, mwezi ukifa dagaa hufuata taa. Wanaume hukesha ziwani, asubuhi hulala kama magogo, na wake zao huwa mchangani wakianika kabla mzigo haujaoza. Mbalamwezi ikirudi, mitumbwi hupumzika, na watu wana muda hata wa kugombana. Mikutano yote iliyohusu mwalo ilikuwa ikisubiri mbalamwezi.

Asubuhi akamtikisa mumewe, Elikana. "Baba Feliksi, amka. Wanagawa mwalo."

"Mwenyekiti si Leodgar?" akajibu bila kufumbua macho. "Tumevuta naye wavu mmoja. Hawezi kutufanyia hivyo." Akageukia ukutani.

Recho aliacha dagaa wake juani, akaenda peke yake. Aliwakuta wenye maduka, waendesha bodaboda na wakulima wa bondeni. Mvuvi hakuwapo hata mmoja.

"Akidi imetimia," alisema Leodgar, kisha akamwona. "Shemeji! Dagaa umemwachia nani leo?"

"Kunguru, shemeji. Ila naona wengine wamewahi mkutanoni."

Kicheko kikapasuka nyuma. Leodgar naye akatabasamu.

"Nina swali, Mwenyekiti. Kwa nini tusingoje mbalamwezi, wenye mwalo wawepo?"

"Mwekezaji si dagaa, shemeji. Hafuati mwezi."

Safari hii wakacheka wote. Ilipofika kura, mikono ikanyanyuka kukubali. Wa kukataa ulikuwa mmoja, una magamba ya samaki hadi kwenye kiwiko.

Mwezi ulipokua, wanaume wakakuta vigingi vya saruji pale wanapoegesha mitumbwi. Wakamwendea Leodgar wakifoka. Aliwasikiliza hadi wakamaliza.

"Tangazo mlilisikia?" akauliza taratibu. "Mliitwa, hamkuja. Mkutano ulikuwa halali."

Wakaondoka mmoja mmoja, maana yote aliyosema yalikuwa kweli.

Elikana alirudi mwaloni amejaa hasira. "Uchaguzi ukifika tunamtoa! Sisi wavuvi ndio tuliompa kura. Tulisema huyu ni mwenzetu, anaijua kazi yetu."

"Anaijua," alisema Recho. "Ndiyo maana hakukosea siku."

Alikuwa ameinama, akikunja wavu chakavu aliozoea kuanikia dagaa, kabla uzio wa hoteli haujafika. Elikana akashika ncha ya pili, wakakunja pamoja.