Gitaa la Baba Ndani ya Simu Yangu

Jamani, hamtaamini kilichotokea Jumamosi kwenye maonyesho ya kaunti, hapa kwetu Kentucky. Na kidole kilichosababisha ni hiki hiki changu!

Bendi ni ya kaka yangu Tucker, lakini midundo yote iko kwenye simu yangu. Nabonyeza, anaimba huku anakwaruza kigitaa chake. Zamani palikuwa na mpiga ngoma, mpiga fidla, na Baba nyuma ya lile gitaa lake la kulaza kama meza, linalolia kama mtu aliyeachwa. Tucker akawaondoa wote. "Vijana wanataka kuruka, Mzee. Hawataki kulizwa." Baba akakunja waya zake.

Asichojua: lile gitaa tulilomrekodi akipiga kule gereji, "kumbukumbu ya familia tu, Baba," Tucker kalichanganya humo humo kwenye midundo.

Sasa Jumamosi, mstari wa mbele kakaa mama mmoja kutoka Nashville, mji wa muziki, anatafuta wasanii. Tucker jasho linamtoka. Nikabonyeza, vijana wakalipuka! Wimbo wa pili, gitaa la Baba likaanza kulia, na jukwaani hakuna wa kulipiga.

Mara namwona Baba, keki ya kukaanga mkononi. Anaangalia jukwaa, anaangalia spika. Akanijia pembeni ya jukwaa.

"Lacey, anapiga nani?"

"Baba, ngoja wimbo uishe..."

"We mtoto, mkono wangu nisiujue? Sikia hapo, nateleza, nakosea!" Likateleza kweli. "Nilitaka kurudia, kaka yako akasema haina haja."

Akaigeukia spika tena.

"Kumbe gitaa linatakiwa. Mimi ndo sitakiwi. Zima."

"Nikizima na ngoma zinazima! Yule mama wa Nashville..."

"Nimesema zima."

Tucker kaniona. Anaimba huku anatikisa kichwa: usithubutu! Kidole kiko juu ya kioo.

Nikazima.

Weee! Tucker kabaki na kigitaa chake kinalia kama mbu. Mtu akapayuka, "Betri imekufa nini, kaka?" Uwanja mzima kicheko. Yule mama akainamia simu yake, hakuinua tena kichwa. Nageuka nimtazame Baba, kashaondoka, keki kaiacha juu ya spika.

Tangu siku hiyo Tucker hanisemeshi. Na Baba, mnadhani kanishukuru? Jana kaniambia, "Ungemwacha tu mwenzio amalize."

Si yeye aliyesema zima?! Haya niambieni, ungekuwa wewe, kidole chako kingefanya nini?