Rangi Juu ya Uozo

Jua la asubuhi lilianzia chumba cha vioo. Liliingia bila hodi, likamwagika sakafuni, likapanda vitini, likaziosha fremu za mbao zilizoshika vile vioo hadi zikawaka. Nyeupe pe. Nyeupe ya maziwa, nyeupe ya pamba, nyeupe ya kitu kisichokuwa na la kuficha.

Ndivyo Mwanakhamis alivyoziona siku ya kwanza, na ndivyo alivyodanganyika.

Alikuwa mwanamke wa Pemba, mjane, na binti yake wa pekee, Yumna, alikuwa chuoni Dallas. Kwa miaka kumi na moja Mwanakhamis alikuwa akiwanyanyua wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee huko Sharpstown. Akiwageuza, akiwaogesha, akiwalisha, akiwafumba macho wanapoondoka. Miaka kumi na moja katika korido zisizo na dirisha, chini ya taa zisizojua asubuhi wala jioni.

Basi alipoamua kununua nyumba yake mwenyewe, Sugar Land, hakuuliza habari ya jiko wala ya gereji. Alisimama katikati ya chumba cha vioo, akakunjua viganja, vikajaa mwanga. Akasema, "Hii."

Aliyemuuzia aliitwa Hollis. Kazi yake ilikuwa kununua nyumba zilizochoka, kuzikarabati, kisha kuziuza. Mtu wa tabasamu, mtu wa kushika mkono wako kwa mikono miwili. Aliigonga fremu moja kwa kucha, ko, ko, ko, akasema hiyo ni mbao ya kukuzika wewe na wajukuu zako. Mkaguzi wa nyumba naye akaja na tochi, akamulika, akaandika, akaenda zake.

Mwaka mzima Mwanakhamis aliishi ndani ya mwanga ule. Akaotesha asumini katika vyungu, akaotesha mrehani, akatandika mkeka. Akitoka kazini huvua viatu, huketi, hunyamaza. Humo alisali, humo alilia, humo alimaliza eda ya uchovu wa miaka.

Kisha ikaja mvua ya Juni, mwaka wa elfu mbili na moja. Mvua iliyogeuza barabara kuu kuwa mito, malori yakaelea kama makopo. Kwake maji hayakuingia. Alimshukuru Mungu. Jua lilipotoka alichukua kitambaa apanguse fremu, akapangusa kwa upole, akakandamiza kidogo tu, na kidole chake kikaingia.

Kikaingia mpaka kiungo cha pili. Kikaingia kama kwenye papai bovu. Alipokichomoa kilitoka na maji meusi, na nyama laini ya mbao, rangi ya kahawia, na harufu ya kisima kilichoachwa. Rangi ya juu ilibaki imesimama palepale, ganda tupu, unene wa karatasi. Nyeupe pe.

Akabonyeza ya pili, ikaingia. Akabonyeza ya tatu, ikaingia. Akapiga magoti, akaufuata ukuta mzima, na kila ubao wa chini ulikipokea kidole chake bila ubishi. Penye pengo kubwa palikuwa na puti ya kuzibia. Nyuma ya puti palikuwa na gazeti.

Gazeti! Limesokotwa, limeshindiliwa ndani ya mbao kama pamba ndani ya jino bovu. Alilivuta, akalikunjua juu ya paja, akasoma tarehe. Februari, mwaka elfu mbili. Nyumba aliinunua Machi.

Basi alijua.

Alijua, Hollis yule. Alitia mkono wake humu, akaona, akanusa, akachukua gazeti la siku ile akashindilia. Alijua palipo pabovu kwa sababu alijua palipo pazima. Kucha yake haikukosea hata mara moja. Ewe uliyepaka, ulipaka na nani? Ulipaka ukiimba? Ulijisogeza nyuma ukaitazama kazi yako, ukaridhika, ukaenda kula chakula chako cha mchana?

Alimpigia simu. Hollis alimsikiliza kwa adabu, kisha akamkumbusha kwamba alitia sahihi kuipokea nyumba kama ilivyo.

"Kama ilivyo," alisema Mwanakhamis, "au kama ulivyoipaka?"

Simu ikakatwa.

Jumamosi mdogo wake, Aboud, akaja kutoka Cedar Hill. Alizunguka chumba mikono nyuma, akatikisa kichwa, akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeizoea nchi.

"Dada, mbona unajiumiza? Tia puti, tia rangi, uza. Nawe ukanunue pengine."

"Nimuuzie nani?"

"Watu si wapo? Yule shoga yako Mkongo, Charlotte, si anatafuta nyumba? Umpe hii. Ana mume fundi, watajuana nayo mbele ya safari."

Mwanakhamis alimtazama. Charlotte, ambaye kazini walishika naye shuka moja, huyu upande huu na yule upande ule, wakamnyanyua mzee mmoja baada ya mwengine. Charlotte, aliyemletea uji siku tatu mfululizo alipougua homa. Damu ilimpanda mpaka masikioni.

"Aboud, unataka niwe Hollis?"

"Sikusema hivyo, dada."

"Umesema hivyohivyo. Mtu kanifanyia uchafu, nami niuchukue uchafu uleule niuvike nguo nyeupe nimpelekee mwenzangu? Nimtazame usoni kazini kila siku? Shika njia yako, mdogo wangu. Leo sikupikii."

Akaondoka kweli, na njaa yake.

Jumatatu, wakitandika kitanda cha mgonjwa, Mwanakhamis alimweleza Charlotte kila kitu, mpaka maneno ya Aboud. Charlotte hakununa. Alikaza shuka, akasema, "Mama Yumna, niache nimlete mume wangu Vital. Kule kwetu Uvira alikuwa fundi wa mbao, hapa wanamfungisha maboksi. Mikono yake inalia."

Vital akaja na patasi, msumeno na randa aliyonunua kwenye soko la vitu vya mitumba. Mtu mrefu, mkimya. Alilala chali chini ya fremu, shavu sakafuni, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akaita.

"Mama, inama uone. Kila fremu iko na vitundu hapa chini. Fundi wa kwanza alivitoboa ili maji yatoke. Huyu wa kupaka aliviziba vyote na silikoni, kwa sababu vilionekana vibaya." Alikwangua kimoja kwa ncha ya patasi. Maji yakatoka, tone, tone, kisha mchirizi. "Mvua haikuua mbao hii. Mbao ilinyimwa pa kutolea maji."

Mwanakhamis aliyaangalia maji yakienda. Hasira yake, ambayo siku zote hizo haikuwa na pa kukaa, sasa ilipata kazi. Akasema, "Nipe patasi moja."

Wikiendi nne walikata. Walikata uozo mpaka walipoikuta mbao ngumu yenye harufu yake ya asili. Hawakuacha hata unywele wa weusi, maana Vital alisema ukiacha kidogo umeacha wote. Fremu tatu zilikufa kabisa. Nyingine waliziunga kwa vipande vya mwerezi, vimechongwa kukaa kama jino ndani ya ufizi, gundi, misumari ya mbao, kusubiri, kupiga randa. Kila pigo la Mwanakhamis lilikuwa na jina ndani yake. Vitundu wakavifungua vyote. Na alipoulizwa rangi gani, alisema hataki rangi. Ipakwe mafuta tu, mishipa ya mbao ionekane, kila kiungo kionekane, atakayekuja aone palipokatwa na palipoungwa.

Lakini njia ya kwenda kazini ilikuwa na vibao vya nyumba nyingine inayouzwa. Uso wa Hollis, tabasamu la Hollis, mshale: Jumapili hii, nyumba i wazi, karibuni. Na kwenye picha, pembeni mwa nyumba, chumba cha vioo kilichopakwa juzi.

Jumapili Mwanakhamis alivaa buibui lake zuri. Akachukua beseni la kufulia, akatia ndani ubao wa chini wa fremu yake ya kwanza, nusu rangi, nusu tope, na lile gazeti juu yake. Charlotte alikuwa nje, kwenye gari, injini inanguruma.

"Una hakika?" Charlotte akauliza.

"Hakika ninayo. Pumzi ndiyo sina."

"Basi nitatembea pamoja nawe, utaipata ya kwangu."

Wakaingia. Sebule ilijaa watu na biskuti. Hollis aliliona beseni kabla hajamwona mwenye beseni, na tabasamu lake likabaki mdomoni bila macho. Akamsihi kwa sauti ndogo, bibi, hapa si mahali pake.

Mwanakhamis aliliweka beseni mezani, kati ya sahani. Kiingereza chake kilikuwa cha korido, cha maneno machache yanayoeleweka na mgonjwa asiyesikia vizuri. Alikisema polepole, kwa wote.

"Hili lilikuwa dirisha langu. Mwenye kuniuzia ni huyu. Gazeti hili alilitia yeye, someni tarehe. Mimi hakuna aliyeniambia niguse."

Mtu alirudisha biskuti yake sahanini.

Dirishani alisimama mwanamke mja mzito na mumewe. Mwanamke alifungua mkoba, akatoa ufunguo wa gari, akatembea taratibu hadi chumba cha vioo. Akashika tumbo kwa mkono mmoja, akainama kwa taabu, akachagua pembe ya chini. Akasukuma.

Ufunguo ukazama wote, bila sauti.

Akauchomoa, akautazama ulivyotapakaa matope ya kahawia, akarudi nao hadi mbele ya Hollis. Akamnyooshea auguse, na watu wote wakingoja, mpaka Hollis akaupokea.