Kopo Chini ya Mkusu

Wivu wa Honorata ulianza na neno moja la pwani: shoga. Kunegunda, rafiki yake tangu komunyo ya kwanza, hakuwahi kulitamka hadi Stumai alipohamia Matogoro na baba yake, mfanyabiashara wa Tanga, mwaka ule maduka ya Songea yalipoanza kufurika biskuti za nje. Sasa ikawa shoga huku, shoga kule.

Mvua za Desemba zilipoanza, Stumai akaleta mchezo. Alificha kopo la biskuti msituni na kuandika vidokezo vitatu. Atakayelipata kwanza achukue kitu kimoja, aache chake kimoja, aandike jina kwenye daftari la mle ndani. Kunegunda ndiye aliyemsaidia kulificha, kwa hiyo hakushindana. Alibaki na Stumai kwenye tangi la maji, chini ya mwavuli mmoja, wakichekelea.

"Honorata, wewe si mwenyeji wa msitu?" Stumai alimtania. "Haya, tuone."

"Utaona."

Kidokezo cha kwanza kilimfikisha kwenye jiwe lililopasuka. Akawaacha washindani wenzake, Fortunata na Suzana, wanalizunguka wakibishana, yeye akaondoka na cha pili, akafuata kijito hadi kinapoingia chini ya mwamba. Hapo akakuta karatasi ya tatu: *Tafuta mkusu uliolala bila kufa.*

Akaikunja karatasi, akaenda moja kwa moja.

Chini ya mti ule wa mkusu, ulioanguka ukaendelea kuchipua, mama yake alichuma uyoga kila mwaka, kisha akarudi nyumbani kwa njia ya mzunguko ili majirani wasipajue. Alimwonyesha Honorata peke yake. Na mwaka jana, wiki tatu baada ya kumzika mama, Honorata alimwonyesha Kunegunda, maana kupajua peke yake kulimuuma.

Kopo lilikuwa katikati ya mizizi. Uyoga wa upande mmoja ulikuwa umekanyagwakanyagwa na ndala za watu wawili. Ndani mlikuwa na utepe, kioo, kalamu na daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mwandiko wa Kunegunda: *Mahali petu pa siri, Stumai na Kunegunda.*

"Petu," Honorata alisema.

Akamwaga vyote majanini. Akachuma uyoga, hata ule mchanga ambao mama angeuacha ukue, mpaka kopo likajaa. Kwenye daftari akaandika jina la mama yake, Walburga, kwa herufi kubwa.

Kule kwenye tangi, Kunegunda alichungulia kopo. "Vitu vya Stumai viko wapi?"

"Vinanyeshewa. Sheria ilisema nichukue kimoja. Nimechukua kopo."

"We Honorata! Umechuma wote?"

Stumai aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kwani pale pana mwenyewe? Shoga, mbona hukuniambia?"

Kunegunda akainamisha uso. "Alinionyesha mwenyewe. Nikajua ni pangu pia."

"Nilikupa wewe," Honorata alisema. "Sikukupa umgawie mtu."

"Lakini Stumai hakujua! Umemharibia mchezo wake, umetupa vitu vyake. Mwombe radhi, yaishe."

Honorata akafunga kifuniko kwa kiganja, akalibana kopo kwapani.

"Siombi," alisema. "Yeye simwombi, na wewe sikuombi."

Akashuka kwenda nyumbani, kwa njia ya mzunguko.