Vinyonga wa Upande Huu

Avelina, mwalimu wa baiolojia kule Makambako, alifika kwao Matembwe Jumamosi na daftari lake la miaka tisa, akakuta msitu haupo. Pale chemchemini, kwenye kipande ambacho ukoo ulikuwa haujawahi kukigusa, palibaki majivu na miche ya paini imepangwa mistari.

"Kamwene, mwanangu!" Baba yake, mzee Kasimiri, alimpokea kwa kicheko. "Nimekupandia. Kila mtoto hapa ana miti yake, wewe ubaki mikono mitupu?"

Lo! Utamfokea vipi mzee anayekupa zawadi? Avelina alikaa chini akalia.

Mle msituni ndimo walimoishi vinyonga aliowachunguza miaka tisa. Miaka yote alimwambia baba anakwenda kusahihisha madaftari kivulini. Watu wanamwona kinyonga ni nuksi, naye aliona aibu kusema. Aibu hiyo sasa ilimla maini.

Ng'ambo ya bonde, upande wa Lupembe, wapo vinyonga wengine, wenye pembe. Zamani sana walikuwa jamii moja. Nyasi zikaitenga misitu, na kinyonga havuki mahali peupe. Kila upande ukashika njia yake, kizazi baada ya kizazi, hata wa huku wakapoteza pembe. Wataalamu walimwambia alete ushahidi kwamba hawazaliani tena, ndipo wa huku waitwe spishi mpya.

Alipekua kisiki kwa kisiki, akapata jike mmoja tu. Ushahidi hakuutaka tena. Alitaka jike azae, na yeyote yule, angalau damu isipotee. Kesho yake alidandia lori la majani ya chai hadi ng'ambo, akarudi na madume watatu kikapuni.

Dume wa kwanza alijipamba rangi, akatikisa kichwa. Jike akawa mweusi tii, akaachama kinywa, akamfukuza. Wa pili vilevile. Jamani, hata kumtazama hakutaka! Wa tatu alipomkaribia, jike alijiachia kutoka tawini, akaanguka majivuni.

"Anaringa tu huyo," mzee alisema. "Mtafutie wa kwao."

"Wa kwao waliungua, baba."

Mzee aliitazama miche yake, kisha mikono yake. Hakucheka tena.

Avelina alifungua daftari, akaandika maneno aliyoyasubiri miaka tisa: spishi mpya. Chini yake, penye idadi, akaandika: mmoja, jike.